Nyutro ya kuazima: kwa nini swichi janja zinarusha RCD na taa zinapepesa

Swali limetoka Soweto, Moshi:

“Habari za kazi, fundi. Nyumba yetu ya vyumba vitatu ilifanyiwa waringi mwaka 2009. Mwezi huu nimenunua swichi janja sita za kugusa, za Wi-Fi, zile ambazo boksi linasema zinafanya kazi ukiwa na nyutro au bila nyutro, pamoja na balbu janja nne za sebuleni. Fundi amezifunga vyumba vyote vitatu, jikoni, chooni na koridoni. Sasa taa za jikoni na chooni ukizizima zinabaki zinapepesa kama kimulimuli. Ikifika saa moja usiku, tukiwasha taa zote za vyumbani, RCD (ile breka ya kinga ya umeme unaovuja) inaruka: soketi zote zinakufa na taa za vyumbani zinazima, lakini za jikoni na koridoni zinabaki. Koridoni, mtu akibonyeza ile swichi ya zamani ya upande wa pili, hii janja inakufa kabisa mpaka kile kitaa chake kidogo. Na umeme ukikatika ukarudi, balbu za sebuleni zinawaka na kuzima zenyewe, simu inasema hazipo. Fundi anasema nimeuziwa feki. Nizirudishe dukani?”

Salama dada, na pole kwa usumbufu. Usizirudishe. Kwa dalili ulizoeleza, sioni hata swichi moja iliyo mbovu. Tatizo liko kwenye waya zilizo nyuma yake, na moja ya matatizo hayo ni la hatari, kwa hiyo naanza nalo.

Swichi ya kawaida haili umeme. Ni kipande cha shaba kinachogusa na kuachia. Ndiyo maana waringi wa nyumba zetu nyingi hushusha waya mbili tu ukutani: mmoja unaleta moto, wa pili unaupeleka moto huo taani. Nyutro inabaki juu darini, inatembea kutoka taa hadi taa, haishuki kwenye swichi. Swichi janja ni kifaa kamili. Ndani yake kuna redio ya Wi-Fi, rilei (kiswichi kinachoendeshwa na umeme) na kitaa cha kukuonyesha ilipo gizani, na inakula umeme saa 24 hata kama taa umeizima. Kinachokula umeme kinahitaji njia ya kwenda na njia ya kurudi, na ya kurudi ndiyo nyutro. Fundi akifungua kiboksi na kuikosa, ana njia tatu: avute nyutro halisi kutoka darini, aurudishe umeme wa swichi kupitia taa yenyewe, au aazime nyutro ya soketi iliyo karibu. Mbili za kwanza zinakubalika. Ya tatu haifai hata kwa usiku mmoja.

Vyumbani: nyutro imetoka kwenye soketi

Umetoa alama moja ya thamani sana: RCD ikiruka, taa za vyumbani zinazima pamoja na soketi, ila za jikoni na koridoni zinabaki. Maana yake kwenye meinswichi yako RCD inalinda soketi peke yake, na breka za taa ziko nje yake. Sasa taa za vyumbani zinazimaje? Kwa sababu swichi zake zimepoteza nyutro. Na zimepoteza nyutro kwa sababu nyutro hiyo ni ya soketi. Fundi wako ametoboa kutoka kiboksi cha swichi hadi kwenye soketi iliyo chini yake, akapandisha waya mmoja mweusi.

RCD haijali umetumia umeme kiasi gani. Inalinganisha tu moto uliotoka na kilichorudi kwenye nyutro. Vikitofautiana inakata. Ile ya nyumbani ni ya miliampea 30, na kwa viwango vyake inaruhusiwa kukata mahali popote kuanzia zaidi ya 15 hadi 30. Swichi zako za vyumbani zinachukua moto kwenye njia ya taa, ambayo RCD haiioni, kisha zinarudisha kwenye nyutro ya soketi, ambayo RCD inaiona. Kwake huo ni umeme uliotokea pasipojulikana.

Ni kiasi gani? Chukua swichi moja inayokula wati 1.5 rilei zake zikiwa zimeshika. Gawanya kwa volti 230, unapata karibu miliampea 6.5. Vifaa vidogo vya namna hii huvuta umeme kwa vipande vipande, si kwa ulaini, hivyo kinachopita wayani kinaweza kukaribia mara mbili ya hapo. Chumba kimoja hakirushi. Viwili huenda visirushe. Vyumba vitatu vikiwaka kwa pamoja, ongeza na uvujaji mdogo wa kawaida wa friji na televisheni, umevuka mstari. Ndiyo sababu inasubiri saa moja usiku. RCD yako inafanya kazi yake sawasawa, na asije mtu akakushauri uiondoe au uweke ya miliampea 100.

Hatari yenyewe ni hii. RCD ikishakata, au mtu akiizima ili atengeneze soketi, inafungua moto na nyutro kwa pamoja. Waya wa nyutro wa soketi sasa umeachwa hewani, lakini kwa juu bado umeshikana na swichi janja, na swichi bado ina moto wa njia ya taa. Moto unapita ndani ya swichi na kuteremka kwenye waya ambao kila mtu anaamini umekufa. Fundi anayekuja mwakani kubadilisha soketi ya chumba cha watoto atazima RCD, ataona soketi haiwashi kitu, atashika nyutro, itampiga. Kwa hiyo hata kama RCD ingekuwa hairuki, waya huo lazima utoke.

Jambo lingine la kuangalia hapohapo: kama kuna kiboksi ambamo fundi ametumia waya wa ethi, ule wa usalama unaokwenda ardhini, badala ya nyutro. Utaona waya wa kijani, au kijani chenye mstari wa njano, umeingia kwenye tundu lililoandikwa N. Taa itawaka vizuri kabisa, na ndiyo ubaya wake. Siku waya wa ethi ukilegea mahali, kila chuma kilichofungwa kwenye ethi hiyo upande wa pili, mwili wa friji, wa mashine ya kufulia, unapata moto kupitia swichi yako. Ethi haibebi umeme wa kazi. Inakaa inasubiri hitilafu.

Kupima kabla ya kukata waya wowote

Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Wewe msimamie tu ili vipimo vifanyike kwa mpangilio, kwa sababu wengi hupita na testa ya bisibisi peke yake. Testa inakuambia palipo na moto, haikuambii nyutro ni ya njia ipi. Inahitajika multimita yenye alama ya CAT III, imewekwa kwenye volti za AC, kipimo cha 600 au 750, waya zake zikiwa kwenye matundu ya COM na V. Ikiwa imebaki kwenye ampea kisha ikachomekwa kwenye soketi, ni mlipuko mkononi.

Kila mara: pima kwanza kwenye soketi unayojua inafanya kazi, mita ionyeshe kama 230. Zima breka. Pima unapotaka kushika. Rudi tena kwenye ile soketi uhakikishe mita haijafa katikati ya kazi.

Rangi zisimdanganye. Nyumba ya 2009 huenda ina nyekundu kwa moto na nyeusi kwa nyutro, wakati waya za siku hizi dukani ni kahawia kwa moto na bluu kwa nyutro. Kwenye mfumo wa zamani wa fezi tatu, bluu ilikuwa moto. Na darini mwa nyumba nyingi utakuta fundi aliishiwa rola la nyekundu akamalizia na nyeusi. Rangi ni fununu, kipimo ndicho ushahidi.

Kuna mtego mwingine hapa unaowapotosha hata mafundi wazuri. Waya uliokufa ukikaa bomba moja na waya wenye moto, mita ya kidijitali inaweza kuonyesha volti 60, 80, hata zaidi. Huo ni umeme wa kuambukizwa, hauna nguvu. Chukua balbu ya kawaida ya waya ndani, ile ya wati 60 ya zamani, kwenye holda yenye waya mbili, uiunganishe sambamba na mita. Volti ikiporomoka hadi karibu na sifuri, waya umekufa. Balbu ikiwaka kwa nguvu, una moto na nyutro halisi.

Sasa, kujua nyutro ni ya nani. Zima umeme wote, toa balbu za njia ya taa, chomoa vyombo vyote kwenye soketi, tenga swichi janja. Kwenye meinswichi, fungua waya wa nyutro wa njia ya taa kutoka kwenye baa ya nyutro, uache peke yake. Weka mita kwenye kipimo cha mlio. Gusa waya huo na ule mweusi uliomo kwenye kiboksi cha chumbani (waya mrefu wa kupimia utahitajika). Ikilia, nyutro ni ya taa. Isipolia, halafu ikalia ukigusa nyutro za soketi zinazotoka kwenye RCD, umeazima. Ikilia kote kuwili, nyutro za njia mbili zimeshikana mahali fulani darini, na hilo litafutwe kwa kufungua boksi za maungio moja baada ya nyingine.

Marekebisho ya vyumbani

Kwa leo usiku: breka ya taa na RCD zizimwe zote mbili, kwa sababu kiboksi hiki kwa sasa kina umeme wa njia mbili. Waya ulioazimwa utolewe upande wa swichi na upande wa soketi, uvutwe utoke kabisa. Usikatwe na kuachwa ukutani. Swichi zako zinakubali kufanya kazi bila nyutro, kwa hiyo tundu la N libaki tupu na kapasita (kile kipande kidogo chenye waya mbili) iliyokuja kwenye boksi ifungwe kwenye taa, kama nitakavyoeleza kwa jikoni. RCD itatulia mara moja.

Kwa kudumu, mimi ningevuta nyutro. Swichi yenye nyutro yake haitegemei ukubwa wa balbu, haipepesi, na Wi-Fi yake haipotei. Kama waya zenu zimepita kwenye bomba za PVC za milimita 20, bomba lenye waya tatu au nne za milimita za mraba 1.5 bado lina nafasi ya mmoja zaidi. Fundi anapanda darini kupitia tundu la kuingilia, anatafuta boksi la maungio au taa ya chumba hicho hicho, anachukua nyutro hapo na kuishusha kwenye kiboksi. Waya ni wa 1.5, mweusi au bluu kufuatana na rangi zilizopo nyumbani, si rangi iliyobaki kwenye begi. Vipimo: kutoka dari ya mita 3 hadi swichi iliyo mita 1.3 kutoka sakafuni ni mita 1.7, darini weka mita 4 hadi 5, na mkia wa sentimita 20 kila upande. Mita 8 kwa chumba zinatosha, yaani mita 24 kwa vyumba vitatu. Huhitaji kununua rola zima.

Bomba likigoma, kwa kawaida ni saruji iliyoingia wakati wa kupiga plasta au kona mbili zilizofuatana. Waya mpya usilazimishwe kwa kuvuta kwa nguvu hadi ganda la waya za zamani lichubuke. Bora kufunga waya mpya kwenye mmoja wa zamani, kuvuta wa zamani utoke, na kurudisha wawili kwa pamoja. Bomba likikataa kabisa, baki na kapasita na utumie nyumba yako. Hakuna ubaya.

Maungio yote yaingie kwenye konekta ya skrubu au ya kubana, ganda limemenywa milimita 8 hadi 10, shaba isionekane nje. Kusokota waya na kuzungushia tepu ndiko kunakoleta nyutro iliyolegea baada ya joto la dari la miezi ya Januari na Februari kukausha gundi ya tepu.

Jikoni na chooni: kimulimuli

Hapa fundi hakuazima, alifunga bila nyutro, na hilo ni sawa. Alichoacha ni ile kapasita, kipande kidogo chenye waya mbili kilichobaki ndani ya boksi. Kitafuteni, huwa kinadhaniwa ni spea.

Swichi isiyo na nyutro inaishi kwa kupitisha umeme kidogo sana ndani ya taa, hata taa ikiwa imezimwa. Balbu ya zamani ya wati 60 ilikuwa inaumeza umeme huo bila mtu kujua. Balbu ya LED ya wati 5 ina kapasita ndani inayojaa taratibu, ikifika kiwango chake inaachia mwanga mara moja, kisha inaanza kujaa upya. Ndiyo huo mpepeso unaouona kila baada ya sekunde chache.

Kapasita inafungwa kwenye taa, si kwenye swichi: mguu mmoja kwenye waya unaotoka swichini, wa pili kwenye nyutro, hapo hapo kwenye holda au konekta ya taa. Haina upande wa chanya wala hasi. Sasa umeme mdogo wa swichi unapita kwenye kapasita na balbu inapumzika. Kwa swichi ya vitufe viwili au vitatu, watengenezaji wengi huhitaji moja tu, kwenye taa ya L1. Fuateni mchoro uliomo kwenye boksi lenu. Ikipotea, inayonunuliwa lazima iwe na maandishi X2 na volti 275 za AC au zaidi. Ya kutoka kwenye redio mbovu, iliyoandikwa 400 bila alama hiyo, haikutengenezwa kukaa kwenye umeme wa nyumba mchana na usiku, na inaweza kuwaka moto juu ya dari.

Kapasita ikifungwa na taa bado ikimulika hafifu bila kupepesa, pima kitu kimoja. Taa ikiwa imezimwa, pima kila upande wa holda dhidi ya ethi. Ukikuta volti kama 230, aliyefanya waringi aliweka swichi kwenye nyutro badala ya moto. Chooni hutokea. Hapo taa “iliyozimwa” ina moto muda wote, na anayebadilisha balbu akiwa na mikono yenye maji hajui. Kunageuzwa darini, moto upite swichini na nyutro iende taani moja kwa moja.

Koridoni: taa moja, swichi mbili

Watu wengi wanachanganya. Vitufe vingapi viko kwenye swichi ni jambo moja, taa moja kuwashwa kutoka sehemu mbili ni jambo lingine, na hilo la pili ndilo mafundi wanaita tuwei. Swichi yako janja si ya tuwei.

Kwenye tuwei ya kawaida kila swichi ina matundu matatu: COM, L1 na L2. Moto wa kudumu unaingia COM ya swichi ya kwanza. Kati ya swichi hizo mbili kuna waya mbili za kupokezana, L1 kwa L1 na L2 kwa L2. Waya wa kwenda taani unatoka COM ya swichi ya pili. Fundi ameweka swichi janja kwenye nafasi inayopata moto kupitia moja ya zile waya za kupokezana. Swichi ya zamani ikigeuzwa, moto unahamia waya wa pili, na swichi janja inabaki bila chakula. Haijaharibika.

Njia rahisi ninayoipendekeza kwenu haihitaji waya mpya:

1. Tafuteni ni kiboksi kipi chenye moto wa kudumu. Zima breka, toa swichi zote mbili, tenganisha waya zote tatu kila kiboksi zisigusane, washa breka, pima kila waya dhidi ya ethi, na kwa uhakika tumia ile balbu ya kupimia iunganishwe na nyutro. Waya mmoja tu kati ya sita ndio utakuwa na moto. Hicho ni kiboksi cha kwanza.
2. Zima breka tena. Swichi janja ihamie hapo. Waya wa moto uingie L. Tundu la kutokea, L1, lipokee mmoja wa waya za kupokezana.
3. Kwenye kiboksi cha pili, waya huo huo uunganishwe kwa konekta na waya wa kwenda taani. Kuujua: unalia kwenye mita na ule mliouchagua kule mwanzo, umeme ukiwa umezimwa.
4. Waya wa kupokezana uliobaki uzibwe na konekta ncha zote mbili.
5. Kapasita ikae kwenye taa ya koridoni.

Kiboksi cha pili kinafunikwa na kitufe kisichotumia waya, cha betri, kinachooanishwa na swichi janja kwenye programu ya simu. Hakikisheni kitufe kinaelewana na swichi kabla ya kununua. Vya Zigbee (aina nyingine ya mawasiliano yasiyo na waya) vinahitaji kituo chake cha kati, havizungumzi na Wi-Fi moja kwa moja. Kama mngependa kuendelea na swichi ya kawaida upande wa pili, nunueni moduli ndogo ya rilei yenye matundu ya S1 na S2 inayokaa darini karibu na taa, ambako nyutro tayari ipo. Swichi zenu za zamani za tuwei zinabaki ukutani kama zilivyo na moduli inafuata mgeuko wake. Ila hapo moto wa kudumu wa moduli lazima uchukuliwe darini, na mchoro wa moduli usomwe vizuri, kwa sababu baadhi ya moduli hutaka matundu ya S yasiguswe na moto kabisa.

Kina cha kiboksi pia kiangaliwe hapa. Swichi za kugusa zina tumbo nene nyuma. Kiboksi cha milimita 25 kitazilazimisha waya kujikunja na kubanwa, na waya uliobanwa unachomoka kwenye skrubu polepole. Milimita 35 ndiyo ya kuanzia, 47 ikiwezekana.

Balbu za sebuleni

Balbu janja nyingi zinarudishwa kwenye hali ya kiwandani kwa kuwashwa na kuzimwa haraka mara tatu hadi tano. Hakuna kitufe juu ya balbu, kwa hiyo watengenezaji wakachagua njia hiyo. Umeme unaporudi kwa kusitasita, unakuja, unakata, unakuja tena, balbu inadhani wewe ndiye unaiomba isahau kila kitu. Inaanza kupepesa ikisubiri kuoanishwa upya. Watoto wakichezea swichi ya ukutani matokeo ni yale yale.

Ingia kwenye mipangilio ya kila balbu utafute mambo mawili. La kwanza ni hali ya taa umeme ukirudi: chagua “kama ilivyokuwa” au “imezimwa”, ama sivyo umeme ukirudi saa nane usiku sebule nzima inawaka. La pili ni kuzima ule usahaulifu wa kuwasha-zima, kwa programu zenye nafasi hiyo. Kama haipo, kwenye taa kuu ya sebule ningeweka swichi janja na balbu ya kawaida, na balbu janja zihamie kwenye taa za mezani ambazo soketi yake haizimwi. Usifunge vyote viwili kwenye njia moja. Swichi ikikata moto, balbu inapotea kwenye mtandao, na tatizo litaonekana la Wi-Fi kumbe si la Wi-Fi.

Kuhusu Wi-Fi yenyewe ni fupi: vifaa hivi vingi vinatumia masafa ya GHz 2.4 pekee, si 5. Kama ruta yako imeunganisha masafa yote mawili kwa jina moja na kuoanisha kunagoma, yatenganishe, na usalama uwe WPA2. Ruta ndogo za laini ya simu zina kikomo cha vifaa, na nyingine zinaishia 10. Hesabu simu za familia, televisheni, swichi 6 na balbu 4 kabla ya kulaumu swichi. Kifurushi kikiisha, kidole ukutani kitaendelea kuwasha taa. Simu huenda ikashindwa.

Mzigo na LUKU

Taa ikigoma kuzima kabisa, hata Wi-Fi ukiitoa kwenye picha, rilei imegandana. LED huvuta umeme mwingi mno katika sehemu ndogo ya sekunde inapowashwa, hivyo swichi iliyoandikwa ampea 10 haimaanishi wati 2,300 za LED. Angalia mstari unaotaja LED peke yake, mara nyingi ni wati 100 hadi 150 kwa kitufe. Taa kubwa za ulinzi za uani zisiunganishwe hapo bila kontakta (rilei kubwa ya kubeba mzigo mzito).

Na kwa sababu utaulizwa nyumbani: swichi ikila nusu wati taa zikiwa zimezimwa, kwa siku 30 ni uniti 0.36. Sita ni kama uniti 2 na kidogo kwa mwezi.

Breka ya njia ya taa iwe ya ampea 6 au 10, waya ukiwa wa 1.5. Kwa kuwa mmeweka vifaa vya kielektroniki ukutani, kinga ya mawimbi ya umeme kwenye meinswichi ni fedha iliyotumika vizuri, hasa masika radi zinapoanza. Waya zake ziwe fupi, jumla isizidi nusu mita, na ethi ipimwe kwanza, maana kinga isiyo na ethi nzuri haina pa kumwaga.

RCD baada ya kazi

Waya zote zikishakaa, rudishia balbu, washa kila kitu, bonyeza kitufe cha T kwenye RCD. Ikate papo hapo. Isipokata ibadilishwe hata kama ni mpya. Kisha subiri saa moja usiku na uwashe taa zote za vyumbani kama kawaida yenu. Ikiruka tena, swichi hazimo: chomoa vyombo vyote kwenye soketi, washa RCD, rudisha kimoja kimoja ukikipa dakika chache. Kama kwenu hita ya kuogea iko chini ya RCD hiyo, anza kuishuku yenyewe. Elementi iliyopasuka huvujisha umeme maji yanapopata joto, ikiwa baridi hupimwa nzima, kwa hiyo iache ichemke kabisa kabla ya kuiondoa kwenye orodha.